Sindano Iliyonivua Nguo Matambarale

Jamani, nimecheka na nyinyi mikasa ya kila mtu hapa, ya yule aliyekwenda kuposa akasahau jina la mchumba, ya yule aliyekalia sufuria la pilau msibani, na kila zamu ikinifikia mimi najifanya nakohoa. Leo nimechoka kukohoa. Nitawasimulia siku niliyotolewa shimoni kwa kamba mbele ya kijiji kizima, mweusi ninang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ameshika kiuno ananitazama, na dada yangu wa tumbo moja amejifunika kanga usoni. Mkitaka kucheka mcheke, ila ngojeni nimalize, maana mimi mwenyewe mpaka leo sijapaona pa kuchekea.

Ilikuwa miaka ile Nachingwea imejaa matrekta ya mashamba ya karanga, mji umeota kama uyoga baada ya mvua, na mtu aliyejua Kiingereza cha kuombea kazi hakulala njaa. Mimi nilipata kazi kwa mzungu mmoja mtafuta maji. Watu walimwita Bwana Waya, kwa sababu kila alikokwenda alitandaza nyaya porini kama mtu anayetega ndege. Alikuwa mgeni kabisa, Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "chai", kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, masikio yake, na mbeba betri yake (betri ile, jamani, bega langu la kushoto linaikumbuka mpaka leo).

Kazi yetu ilikuwa kujua kilichomo chini ya ardhi bila kuchimba. Msiniangalie hivyo, si uganga. Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya umeme: unapigilia vyuma vinne ardhini kwa mstari, viwili vya nje vinapeleka umeme wa betri, viwili vya ndani vinasikiliza, na kwenye kisanduku kuna sindano inayolala ardhi ikiupitisha umeme na kusimama ikiukataa. Jiwe na udongo mkavu hukataa, udongo uliolowa hupitisha, na ukivitanua vyuma mbali zaidi basi umeme unazama chini zaidi. Ya pili ni ya mshindo: unafukia baruti kidogo, unailipua, na vyombo vya kusikilizia vilivyopangwa mbali vinapima mtikisiko umechukua muda gani kufika. Kwenye udongo mkavu mtikisiko unajikokota, kwenye udongo uliojaa maji unatembea, kwenye mwamba unakimbia, na hapo unajua mwamba uko karibu au uko mbali. (Wengine walitumia na sumaku, lakini Bwana Waya alisema sumaku inajua chuma, haijui kiu.) Yeye alikuwa na msemo wake, kwamba umeme ni shahidi mmoja na mshindo ni shahidi mwingine, na hakimu mwenye akili hamfungi mtu kwa shahidi mmoja. Nilikuwa nautafsiri msemo ule kila kijiji, kwa madaha, nimeinua kidole. Kuutafsiri na kuusikia, kumbe, ni vitu viwili.

Sasa, dada yangu Somoe alikuwa ameolewa Matambarale, kwa shemeji Mfaume, mtu mpole wa kulima mtama na ufuta. Matambarale ya wakati ule, kiangazi kikishika, maji yalikuwa kule korongoni, wanawake wanatoka alfajiri na mitungi, wanakaa wanafukua mchanga wanangoja yajikusanye kata moja moja, na wanarudi jua limeshakuwa kali. Dada kila nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anajisugua shingo. Na kila nilipokwenda nilimsikia akiwaambia wenzake, "Mdogo wangu huyu anaona chini ya ardhi." Nami sikukanusha. Nilikunja mikono ya shati nikatazama mbali, kama mtu anayeona chini ya ardhi.

Basi maneno yakamfikia Jumbe Ausi, mkuu wa kijiji kile, Jumbe akaomba kwa Bwana Shauri, Bwana Shauri akamwambia Bwana Waya, Matambarale ikapangwa kupimwa. Siku tunakaribia kuondoka Bwana Waya akashikwa na homa, homa ya kutetemesha kitanda. Akaniita, meno yanagongana, akasema, "Hamisi, nenda na fundi wa baruti, mpime kwa njia zote mbili, mniletee majibu. Usimwambie mtu yeyote achimbe." Nikasema ndiyo Bwana.

Fundi wa baruti alikuwa amekwenda msibani kijiji cha Chinongwe, amefiwa na mkwewe. Angerudi baada ya siku chache tu. Na asubuhi ile ile kulikuwa na lori linalokwenda njia ya Ruangwa, tena lori tupu, dereva ananijua. Uamuzi wenyewe, wenzangu, ulikuwa mdogo kama punje ya ufuta: nipande lori au nimngoje fundi? Nikapanda lori. Nilijiambia kwamba umeme unatosha, njia ya mshindo ina mambo mengi, baruti inataka kibali, inatisha mbuzi (na kusema kweli ilikuwa inanitisha mimi), vyombo vyake sikuwa nimevizoea, lakini kile kisanduku cha sindano nilikijua kama mkono wangu. Nilipokaa juu ya lori na betri yangu, upepo unanipiga kifuani, niliona kazi imeshakwisha nusu.

Matambarale wakanipokea kama bwana harusi. Shemeji Mfaume na wenzake wakanisaidia kupigilia vyuma, nikatandaza nyaya, nikawaambia watu wakae mbali (hakukuwa na hatari yoyote, nilitaka tu waone kwamba ipo). Nikafungulia umeme. Sindano ikalala. Yaani ilianguka ikalala kabisa, kama mtu aliyeshiba. Nikadhani kisanduku kimeharibika, nikafungua nyaya, nikasafisha ncha, nikarudia. Ikalala tena. Nikatanua vyuma. Ikalala zaidi. Katika kazi yote niliyofanya na Bwana Waya, mabondeni, kandokando ya mito, hata kwenye vinamasi, sikuwahi kuona ardhi inayoupitisha umeme namna ile. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza, kwa nini kilima kikavu hiki kiwe kimelowa kuliko kinamasi? Mimi sikujiuliza. Mimi moyo ulinijaa mpaka kooni.

Jumbe Ausi akaja taratibu, mikono nyuma.

"Mwanangu Hamisi, chombo kinasemaje?"

Nilimkumbuka Bwana Waya na meno yake yanayogongana. Halafu nikamwona dada Somoe amesimama na wanawake wenzake, amenikazia macho, hapumui.

"Jumbe," nikasema, "maji yapo. Tena si maji, ni ziwa."

Vigelegele vilivyopigwa pale! Dada alikuja mbio akanikumbatia mbele ya watu, akalia begani kwangu, kwenye lile bega la betri. Kesho yake, kabla hata sijakusanya nyaya zangu, wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba.

Nilirudi Nachingwea kumweleza Bwana Waya, nikakuta amepelekwa hospitali Lindi, homa imemzidi. Nikaona afadhali, atakaporudi atakuta kisima kinatoa maji na mimi nitapandishwa cheo. Nikawa kila mwisho wa wiki natafuta lori nakwenda Matambarale kukagua, nimevaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, nasimama ukingoni natoa amri.

Na ilikuwa ni wakati wa kufyeka mashamba, hilo mlijue. Wanaume walikuwa waingie porini kusafisha mashamba kabla ya mvua, lakini Jumbe alisema kwanza maji, shamba litangoja. Wakachimba kwa zamu, sururu na beleshi, ndoo na kamba. Mwanzoni udongo mwekundu, kisha wa kahawia, kisha ukaja mweusi. Mweusi tii, laini, unateleza. Mtu akiushika unamponyoka vidoleni kama sabuni.

"Hamisi," shemeji Mfaume akaniambia akitokea shimoni, ananionyesha viganja vinavyong'aa, "mbona unateleza lakini haulowi?"

"Huo ndio unyevu wenyewe, shemeji," nikamjibu bila hata kupepesa. "Maji yakikaribia udongo huwa hivyo." (Nilikuwa nimeisikia wapi habari hiyo? Sikuisikia popote. Ilitoka kinywani mwangu mwenyewe, ikiwa mbichi.)

Wakafurahi, wakaongeza kasi. Kwa vile ulikuwa laini shimo lilizama haraka, mpaka aliyeko chini ukimwita sauti inarudi kama ya mtu wa kaburini. Kila nilipoulizwa nilisema bado kidogo. Bado kidogo, bado kidogo, mpaka nikaanza kulisema usingizini. Mashamba yamesimama na vichaka vyake. Mawingu ya kwanza yameanza kujikusanya upande wa Nachingwea. Nami kila nikiangalia shimo lile naliona kavu, lakini ningesema nini? Mtu aliyekwisha kusema ziwa hawezi tena kusema labda.

Siku ya siku ikafika. Jumbe Ausi, pasipo kuniuliza, alimwalika Bwana Shauri aliyekuwa anapita kuzunguka wilaya, aje ashuhudie maji ya kwanza. Nilipofika nilikuta ngoma zinalia, mbuzi wamechinjwa, wanawake wamevaa kanga mpya na kila mmoja ana mtungi, na dada Somoe ndiye wa mbele kabisa kwa sababu wamekubaliana yeye achote wa kwanza. Shimo bado kavu. Nikamwambia Jumbe tuahirishe. Akanitazama kama nimemtukana. Na hapo hapo landrova ya Bwana Shauri ikatokea, na ndani yake, amekonda, kofia imemlegea, ni nani? Bwana Waya.

Hapo, jamani, akili ilinitoka. Badala ya kumwendea nikamweleza, nilikimbilia shimoni. Nilidhani, sijui nilidhani nini, labda nikipiga sururu moja ya mwisho Mungu atanionea huruma. Nikawaambia watu kwa sauti kubwa, "Maji yako chini ya unyayo, nakwenda kuyafungua mwenyewe!" Nikashuka kwa kamba na kaptura yangu nyeupe. Juu ngoma zikapamba moto. Nikapiga sururu. Nikapiga tena. Sururu ikagonga mwamba ikanirudia mikononi kama umeme. Nikapiga kushoto, mwamba. Nikapiga kulia, mwamba. Jasho linanitiririka, najifuta uso na mikono ileile, nateleza naanguka nainuka naanguka, vumbi jeusi limenijaa puani, na huko juu nasikia wanawake wanaimba wimbo wa maji. Waliimba mpaka wakachoka. Ngoma moja ikanyamaza, halafu nyingine.

"Hamisi!" Sauti ya Jumbe. "Tukutoe?"

Wakanivuta. Nilipotoa kichwa ukingoni hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Bibi mmoja mzee, bila ubaya wowote, alisogea akanitazama kutoka nywele mpaka soksi, akauliza, "Haya ndiyo maji?" Hapo vijana wakaangua kicheko, kicheko kikaenea, halafu kikakatika chenyewe katikati, maana kila mtu alikumbuka shamba lake.

Bwana Waya aliinama akaokota bonge jeusi, akatoa karatasi mfukoni, akalikwaruza. Likaacha mstari mweusi safi, kama wa penseli. Akaniuliza kwa Kiingereza, pole pole, mshindo ulisemaje? Nikamjibu hatukupima kwa mshindo, Bwana. Akafumba macho. Kisha akasema maneno mengi, na Jumbe akaniuliza, "Anasemaje?"

Mimi ndiye mkalimani. Hapakuwa na mwingine. Nikameza mate meusi nikasema, "Anasema kazi ni nzuri, ila bado kidogo..."

"Hapana," akasema Bwana Shauri kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Hakusema hivyo. Tafsiri alivyosema."

Nikatafsiri. Nimesimama pale nang'aa, meno na macho tu ndiyo meupe, natangaza kwa sauti: anasema hili si tope la maji, hili ni dude lile linalotiwa ndani ya penseli. (Baadaye nilisikia linaitwa kinywe.) Anasema umeme unapita humu kama kwenye waya, hata likiwa kavu kabisa, kwa hiyo sindano inalala kama imeona maji. Anasema mshindo ungeonyesha kwamba mwamba uko karibu na juu yake hakuna udongo wenye maji. Anasema alikataza watu wasichimbe. Anasema...

"Endelea," akasema Bwana Shauri.

"Anasema msaidizi wake alipewa njia mbili akachagua ile aliyoipenda."

Jumbe Ausi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliwageukia watu wake akasema, "Haya, nyama ipo, tuleni twende mashambani," na watu wakala kimya, kama kwenye matanga. Landrova ikaondoka bila mimi. Wanawake wakajitwika mitungi mitupu. Dada Somoe aliufunua uso, akaja akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka uani kwake.

Aliniogesha kwa dodoki na sabuni yote aliyokuwa nayo. Dude lile halitoki, jamani, ukilimwagia maji ndiyo kwanza linazidi kung'aa. Akasugua, akamwaga, akasugua. Nikaangalia mtungini nikaona maji yamebaki kidogo.

"Dada, basi. Yanatosha."

"Nyamaza. Utapitaje njiani hivyo?"

"Si ndiyo maji ya jioni haya? Utapikia nini?"

Alimwaga yaliyobaki yote kichwani kwangu, akaketi chini kwenye tope, akaanza kujisugua shingo.

Mvua zilikuja mapema mwaka ule, kana kwamba zimetumwa. Matambarale ilikuwa haijafyeka hata nusu. Walipanda kwa kuchelewa, mtama ukatoka mwembamba kama nywele za mgonjwa, na kabla ya mavuno watu walikuwa porini wanachimba ming'oko, vile viazi vya mwituni vya wakati wa njaa, kuchimba juu ya kuchimba. Bwana Waya alirudi na fundi wa baruti, akapima kijiji kizima kwa njia zote mbili, na mashahidi wote wawili walisema jambo moja: mwamba, mwamba, hakuna kitu. Lile shimo lilijaa maji ya mvua yakawa meusi, hata mbuzi hawakuyagusa, na watu wakaliita Wino wa Hamisi. Mimi niliachishwa kazi, lakini hilo silihesabu, kazi ni kazi.

Ninachohesabu ni dada. Wanawake walitunga wimbo wa korongoni, wimbo wa kusukuma muda wakati wanangoja maji yajikusanye, kuhusu mtu anayeona chini ya ardhi lakini haoni mbele ya pua yake. Ulikuwa wimbo mzuri, nasikia ulifika mpaka Ruangwa. Dada akaacha kwenda na wenzake alfajiri. Akawa anakwenda peke yake saa sita, jua la utosi, wakati hakuna mtu, na maji wenzake wameshayamaliza. Nilipokwenda kumtaka radhi alinipikia, akanitandikia mkeka, na nilipoaga alisema, "Mdogo wangu, usije kwanza. Nikikuhitaji nitamtuma mtu."

Hakumtuma mtu. Nikajiambia mavuno yakipita, halafu nikajiambia Idi ikifika. Siku moja nikamkuta sokoni Ruangwa, ameketi na ufuta wake kwenye ungo, amezeeka shingo. Tuliamkiana vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, nikamjibu, nikaaga. Nilipogeuka nikamsikia jirani yake sokoni, mgeni kwao, anamuuliza, "Nani yule?"

"Mtu wa Nachingwea," akasema dada yangu.

Nikaendelea kutembea, kama mtu wa Nachingwea. Tangu siku ile nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, mtu akiniuliza jambo lolote nisiloliona kwa macho yangu, hata kama ni chumvi kwenye mchuzi, nitamwambia sijui, ngoja tuulize na mwingine. Neno "yapo" halitatoka tena kinywani mwangu, hata mbele ya mto.